Saplaya wa mayai: mnunuzi mmoja kanishika pabaya, nikate mzigo au niendelee kumwamini?

mama_wa_matrei

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri, na wenye kejeli wapite tu leo maana kichwa kimejaa.

Nafuga kuku wa mayai huku Chanika, wapo 1,200, wakiwa vizuri natoa trei 32 kwa siku. Miaka miwili nyuma nilipata kupeleka kwenye kampuni moja hapa mjini, wana bekari na mikahawa, matawi sita, jina nalihifadhi. Nilianza na trei 40 kwa wiki. Afsa manunuzi wao wa wakati ule alikuwa kaka mmoja mstaarabu, alikuja mwenyewe mpaka bandani, akauliza chanjo, akainusa hata pumba, tukanywa chai tukaelewana. Ikapanda 80, ikapanda 120, mwaka jana ikafika trei 180 kwa wiki kwa 8,300. LPO, yaani oda yao ya maandishi, inasema malipo siku 30 baada ya invoisi na kweli walikuwa wanalipa, ikizidi sana siku 35, na yule kaka anapiga simu kabla sijauliza, mama wiki hii mhasibu kasafiri vumilia mpaka Jumatano. Au ananiambia keshokutwa punguza trei 20 kuna tawi linafanyiwa ukarabati. Kwa hiyo nilikuwa najua nilale vipi.

Nikawaacha wateja wangu wa mwanzo. Nilikuwa na maduka kumi na moja na vijana wa chipsi wanne kuanzia Pugu mpaka Gongo la Mboto, wanachukua trei tatu tatu na wanabishana na wewe kwenye mia mbili, nikaona ya nini yote hayo, kirikuu kimoja Jumatatu, kimoja Alhamisi, kazi imeisha. Nikabakiza maduka matatu ya hapa jirani.

Mwezi wa tatu yule kaka akaacha kazi. Aliyekuja hapigi simu, hapokei simu, na stoo kipya nacho kina utaratibu wake, unashusha mzigo unaambiwa nenda tutahesabu, kesho yake unatumiwa picha trei 12 zimevunjika au chafu, sijui zimevunjikia kwangu au kwao. Imetokea mara tatu. Malipo sasa ni mwezi wa tatu sijaona hata shilingi, wiki 11, ukipiga ni kama milioni 16 na laki 4. Alhamisi ndo siku yao ya malipo, naenda nakaa kwenye benchi pale mapokezi, kuna feni inazunguka inagonga tak tak tak, tunakuwa saplaya saba nane kila mtu na bahasha yake, dada anaangalia kompyuta anasema invoisi yako haipo kwenye sistimu. Haipo vipi wakati nimeipeleka mwenyewe ikagongwa muhuri?

Na kitu kinaniuma zaidi, mwaka jana mayai yalipopanda mtaani mpaka 9,500 mimi nilibaki 8,300 kwa sababu tulishakubaliana. Bei iliposhuka 7,500 walinipigia ndani ya siku mbili nipunguze.

Kuku hawajui LPO, wanakula mifuko mitatu kasoro kila siku, na yai halisubiri. Nikikata naogopa hela yangu ndo imekwenda moja kwa moja. Nikiendelea nazidi kuzama. Na yule afsa mpya juzi kaniambia kwa sauti ya chini, mama na wewe uwe unatukumbuka. Mngefanyaje?

mbabe_wa_tandika

Kata kesho asubuhi. Hakuna cha kujadili hapo.

kijiko_cha_stoo

@mbabe usimpoteze mama wa watu, akikata bila mpango faili lake linaenda chini kabisa ya droo.

Mama pole. Mimi nimefanya manunuzi hotelini miaka tisa hapa Dar, nikuambie upande wa pili wa ile feni unayoisikia. Alhamisi mhasibu anakuja kwa bosi na orodha ya wanaodai, hela iliyopo siku zote ni ndogo kuliko orodha. Bosi haulizi nani kasubiri sana wala nani ana shida. Anauliza nani akisimama kesho jiko linazima. Gesi analipwa. Samaki wa Feri yule hana hata invoisi, hela inaondoka na mtu alfajiri kwenye mfuko wa suruali, bila keshi harudi na samaki. Nyama analipwa nusu. Tukifika kwenye mayai mtu anasema yule mama wa Chanika? Aah yule hana neno, atasubiri. Kalamu inapita. Sio kwamba wanakuchukia, wengine wanakusifia kabisa. Ukimya wako kwao umeshakuwa sehemu ya mkataba.

Sasa angalia mambo mawili. La kwanza, hiyo 16.4 yote haijaiva. Kama ni siku 30, invoisi za wiki nne za mwisho bado hazijafika tarehe, unachodai kwa haki leo ni wiki saba, kama milioni 10 na laki 4 hivi. Ukienda unalia 16 mhasibu anakuona hujui hesabu zako na anakuzungusha kwa hilo hilo.

La pili hiyo "haipo kwenye sistimu" inaweza kuwa kweli. Zile wiki tatu zilizorudishwa trei 12, invoisi uliandika 180 au 168?

mama_wa_matrei

180. Kwa sababu nilishusha 180.

kijiko_cha_stoo

Ndo hapo. Sistimu inalinganisha karatasi tatu, LPO, hati ya mapokezi ya stoo na invoisi yako. Stoo kaandika amepokea 168, wewe unadai 180, mashine inaitema, na hakuna mtu anayelipwa mshahara wa kukupigia simu kukuambia imetemwa. Yule kaka wa mwanzo alikuwa anakufanyia hiyo kazi kimya kimya, ndo maana ulikuwa unaona kampuni nzuri. Kampuni haijabadilika mama, ni ile ile, ulikuwa unamwamini mtu ukadhani unaiamini kampuni.

Kuanzia leo hakuna kuondoka stoo mpaka mayai yamehesabiwa mbele yako au mbele ya dereva na hati imesainiwa, hata kama itachukua masaa mawili. Invoisi andika kilichosainiwa. Kama kuna ubishi wa trei 12 uandikie barua yake peke yake, usiuchanganye na invoisi, utaua laki 14 kwa ajili ya laki moja.

chipsi_dume_tabata

Hahaha bi mkubwa ndo mlituacha sisi mkaenda kwenye viyoyozi 😂😂

Naongea kwa heshima lakini. Mimi nakaanga Tabata, wikiendi naua trei tano mpaka saba, siku za kawaida tatu. Kweli tunabishana kwenye jero, mtaji wenyewe wa kuungaunga utaacha kubishana? Ila mayai yakishuka kwenye toyo hela inaingia kwenye simu kabla dogo hajawasha pikipiki. Na saplaya wangu simpi nguvu yote na yeye hanipi, akinipandishia naenda kwa jamaa wa Segerea, nikimletea longolongo kuna wakaangaji kama thelathini barabara hii hii atawapa wao. Miaka minne sasa hatujawahi kugombana. Hatupendani kivile lakini kila mtu anajua mwenzake ana pa kwenda.

Upungufu wetu nausema, mvua ikipiga hatuuzi, mwezi mtukufu mchana hakuna kitu. Ukiweka mayai yote kwetu na sisi tutakulaza njaa.

pumba_na_mashudu

Nimesoma kimya mpaka hapa. Mimi nina duka la chakula cha mifugo, sio Chanika usiogope mama, ila story yako naijua kwa moyo maana nina kina mama kama wewe tisa kwenye daftari.

Swali langu moja. Wiki 11 hujalipwa na kuku wanakula mifuko mitatu kasoro kwa siku. Mfuko ukiuweka hata elfu 60 hiyo ni kama milioni moja na laki mbili kwa wiki. Maduka matatu ya jirani hayawezi kutoa hiyo hela. Kuku hawajafa. Nani analisha?

mama_wa_matrei

Umenikamata.

Nilikopa kikoba milioni tatu, hiyo ilikwenda mwanzoni. Iliyobaki ni huyo mwenye duka la chakula, nadaiwa milioni 4 na laki moja. Tumejuana tangu nina kuku 200. Wiki mbili zilizopita nilianza kupitia njia ya nyuma nisipite mbele ya duka lake, namtuma kijana na boda achukue mifuko. Nasema ukweli kwa sababu hapa hamnijui sura.

pumba_na_mashudu

Sasa mama nisikilize kwa upole. Hapo juu umesema afsa mpya hapigi simu hapokei simu. Na wewe unapita njia ya nyuma.

Sikusuti. Sisi ndo benki yenu wafugaji na hatuna riba hatuna dhamana, tuna daftari tu. Kiwanda cha chakula nami nakilipa, wao hawanipi hata mfuko bila hela kuingia. Kwa hiyo yule mkubwa wa kule mjini anajikopesha kwako, wewe unajikopesha kwangu, mimi sina wa kujikopesha kwake, naishia mimi. Nenda kesho, pita mbele, kaa kwenye gunia, mwambie nina kiasi hiki leo, kingine sijui lini, na umwonyeshe hizo invoisi. Mpe hata laki mbili. Mteja akija na sababu zake kabla sijamtafuta simkatii. Nikimuona anatuma boda ndo naanza kuhesabu mifuko.

buguruni_sokoni

Mwenye pumba umesema.

Hii ndo mali kauli, sisi tumekua nayo Kariakoo na hapa Buguruni. Unachukua mzigo kwa mdomo, jina lako linaandikwa, unaenda kuuza, unarudisha. Watu wa nje wanaona kama ni roho nzuri, si roho nzuri, ni mahesabu. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa anampa mtu gunia moja la vitunguu, akirudisha siku aliyosema anampa mawili, akirudisha anampa manne, siku akikwama na akaja asubuhi kusema nimekwama, anapewa yale yale manne. Akikwama akajificha anarudi kwenye moja, hata kama baadaye alilipa yote. Mzee alikuwa hafuti, anaandika tu pembeni kwa wino mwekundu.

Mama wewe uliruka kutoka 40 mpaka 180 bila kumpima mwenzio hata mara moja. Wao walikupima, walikuja mpaka bandani wakanusa pumba. Wewe uliwahi kuuliza saplaya wao wa unga analipwa baada ya siku ngapi? Pale kwenye benchi mnakaa nane, ulizeni mjuane.

Na ukubwa wa jengo usikutishe wala usikupe usingizi. Angalia supamaketi, mjini hapa 2014 Shoprite waliuza maduka yao kwa Nakumatt, 2015 Uchumi wakafunga, na Nakumatt wenyewe hawakudumu, mwanzo wa 2018 kule kwao Kenya walishakuwa chini ya msimamizi wa mahakama. Rafu zilikuwa zinang'aa vile vile.

logistiki_wa_mabibo

Nisomee kozi ya ugavi halafu nikae kimya, haiwezekani.

Nguvu kwenye hii biashara haitokani na ukubwa, inatokana na nani anamtegemea nani. Wewe asilimia 80 ya mayai yako yapo kwao. Wao mayai yako ni sehemu gani ya wanachonunua? Wanaweza kupata trei 180 kwa mtu mwingine ndani ya siku ngapi? Hapo ndo mahesabu yalipo.

Lakini sio kila mkubwa anatumia nguvu kukamua. General Motors (GM), watengeneza magari wa Marekani, mwaka 1992 walimweka jamaa anaitwa López kwenye manunuzi, akachana mikataba ya saplaya, akawapigisha mnada upya, bei zikashuka kweli, mwaka uliofuata akahamia Volkswagen, GM wakabaki na saplaya wasiowaamini kwa miaka. Toyota wakaenda njia nyingine. Tarehe 1 Februari 1997 kiwanda cha Aisin kule Kariya kiliungua, ndo kilikuwa kinatengeneza karibu valvu zote za breki za Toyota, na Toyota hawaweki stoo kubwa kwa hiyo viwanda vyao vikasimama. Makampuni kama 200 yakaingia kutengeneza ile valvu, mpaka Brother wa vyerehani, ndani ya siku chache magari yakaanza kutoka tena. Wengi waliingia kabla ya kujua watalipwa shilingi ngapi, kwa sababu walijua Toyota hatawaacha.

mbabe_wa_tandika

Hapa si Japani mkuu. Hapa banda la kuku likiungua hiyo kampuni itatuma LPO kwa jirani yako jioni hiyo hiyo.

logistiki_wa_mabibo

Ndo ninachosema sasa. Kama itatuma kwa jirani jioni hiyo hiyo basi usiuze kama Toyota kwa mtu ambaye ni López. Aliwauzia bei ya urafiki kipindi mayai yako 9,500, wao wakamlipa bei ya mnada.

joho_kabatini

Mwanasheria hapa, ushauri wa jumla tu maana faili sijaliona.

Mama kwanza usiogope kwamba ukikata mzigo hela inapotea. Deni la mkataba lina miaka 6 ya kudaiwa mahakamani kwa sheria yetu ya ukomo, halifi kwa sababu umeacha kupeleka mayai. Pili hata kama hamkuandika mkataba mrefu, LPO na hati ya mapokezi iliyosainiwa vinatosha kuonyesha makubaliano, na meseji za WhatsApp nazo, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inazitambua kama ushahidi, kwa hiyo usizifute, na ukibadilisha simu hamisha kila kitu. Tatu kabla ya mahakama andika barua ya madai, ukurasa mmoja, namba za invoisi, tarehe, kiasi, siku 14. Ipeleke kwa mkurugenzi wa fedha, nakala kwa manunuzi, igongwe muhuri kwenye nakala yako. Usitukane mtu humo.

Wenzetu Kenya walishaona hili, sheria yao ya ushindani walivyoirekebisha 2019 ikaainisha matumizi mabaya ya nguvu ya mnunuzi, kuchelewesha malipo bila sababu ni moja wapo, na Desemba 2023 mamlaka yao ilitangaza faini ya zaidi ya bilioni 1.1 za Kenya kwa mwendeshaji wa supamaketi baada ya saplaya kulalamika. Kwetu tuna FCC, yaani Tume ya Ushindani, na Sheria ya Ushindani ya 2003 lakini kwa trei zako 180 njia ya haraka ni barua na kalamu yako mwenyewe.

mtu_wa_michongo

Mnazunguka sana. Kasema "uwe unatukumbuka". Mkumbuke na laki mbili kila mwezi, invoisi zitaonekana kwenye sistimu hata ambazo hujaandika.

kijiko_cha_stoo

Hapana kaka, na hili nasema kwa uchungu. Nimeona saplaya wa nyama akianza na "soda", baada ya nusu mwaka anampa afsa asilimia kumi, hana faida, anaanza kupunguza kilo, anakamatwa kwenye mzani, anafukuzwa yeye na afsa anabaki. Ukimpa leo huyo sio rafiki, umejiongezea mnunuzi wa pili ambaye hana hata LPO. Afu ni kosa la jinai pande zote mbili, TAKUKURU hawaulizi nani alianza kunong'ona. Mama pita juu yake. Barua kwa mkurugenzi wa fedha kama wakili alivyosema, afsa utamsalimia kama kawaida.

mama_wa_matrei

Nashukuru wote, hata walionichoma. Nitarudi.

mama_wa_matrei (baada ya wiki mbili na siku kadhaa)

Wakuu nimerudi, wanaouliza PM nisameheni nilikuwa mbio.

Kesho yake asubuhi nilipita mbele ya duka la chakula. Nilijiandaa maneno, yakapotea yote. Nilimpa laki tatu nikamwonyesha invoisi kwenye simu, akavaa miwani akasoma moja moja kama anasoma barua ya mwanaye, akaniambia mimi nilidhani umehama unanunua kwa mwingine. Sikuwa nimewaza kama anaweza kufikiri hivyo.

Zile wiki tatu niliandika invoisi upya za trei 168. Iliniuma, 99,600 kila moja, nikaikubali. Barua nikapeleka, ukurasa mmoja, nikadai wiki saba tu zilizoiva na siku 14. Mzigo nikashusha mpaka trei 90 na nikawaandikia mapema sababu, ila sikukata. Dereva anahesabu mbele ya mtu wa stoo, siku ya kwanza walimnunia, siku ya pili wakamletea kiti.

Alhamisi iliyofuata hola. Ile ya pili nilipigiwa simu na mhasibu mkuu mwenyewe, sijawahi kusikia sauti yake miaka miwili, akauliza mama mbona umepunguza mayai, wapishi wanalalamika wamejazia mayai ya sokoni rangi ya kiini haifanani keki zinatoka nyeupe. Nikamwambia barua iko mezani kwenu. Ijumaa zikaingia invoisi nne, 5,976,000. Zile tatu za 168 kasema wiki ijayo. Milioni tatu nimezipeleka dukani siku hiyo hiyo kabla sijafika nyumbani.

Afsa nilimsalimia. Hajanikumbusha tena habari ya kukumbukana, ila trei 12 zilizovunjika nazo hazijatokea tena, sijui ni kiti au ni nini.

@kijiko uliposema nilikuwa naamini mtu sio kampuni nililia kidogo, ila nilimpigia yule kaka wa zamani, yupo Mwanza sasa hivi, alicheka akasema mama mimi nilikuwa nakugombania kila Alhamisi hukujua tu.

Sasa 90 zilizobaki kwa wiki. Maduka matano yamenirudisha, mengine matatu yamesema yameshapata mtu, na haki yao. Vijana wawili wa chipsi wamekubali, mmoja kanipiga dongo nikanyamaza. Bado leo nina trei 35 ndani. Bei 8,000 ukifuata mwenyewe, kuanzia trei 10 naleta mpaka Gongo la Mboto.

kiduka_kajiungeni

Nipo Pugu Kajiungeni, nasomaga tu hapa sichangiagi. Trei 15 kesho asubuhi. Nalipa mzigo ukishuka, ila nahesabu moja moja, usije ukanuna.

mama_wa_matrei

Hesabu. Nitumie namba PM.